Mjane Si Nyumba

Bibi Sikujua alisinzia na tonge mdomoni. Mara ya kwanza mkwewe Zuwena alicheka, akamtania kwamba njaa ya uzee inaisha mapema. Mara ya pili hakucheka. Alinawa mkono, akampapasa mama mkwe nyuma ya shingo, akakuta tezi zimevimba, ngumu kama kokwa za mchikichi. Hapakuwa na mtu Rumonge, mji wa kando ya ziwa, miaka ile ambaye hakujua maana ya tezi hizo. Yalikuwa malale, ugonjwa wa usingizi.

"Baba Esha," alimwita mumewe, "njoo umshike mama hapa."

Asmani alikuwa fundi wa mitumbwi, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Alishika, akaondoa mkono haraka kana kwamba ameungua.

"Kesho tumpeleke kambini," akasema. "Kibuyu si tunatoa?"

Kibuyu walikuwa wakitoa. Wadachi, yaani Wajerumani waliotawala nchi, walikuwa wameleta sheria mpya kwa ajili ya ugonjwa ule: kila nyumba ya mwambaoni, kuanzia Kabezi hadi Kigwena, itoe kibuyu kimoja cha mawese kila mwezi unapoandama, mzima na mgonjwa sawasawa, na mtu wa nyumba hiyo akishikwa na malale atatibiwa kambini bila kuulizwa neno. Watu waliguna, maana hakuna aliyewahi kulipia ugonjwa kabla ya kuugua. Lakini askari walipopita na bunduki begani, kila mtu aligundua kwamba kumbe sheria ile ina busara.

Asubuhi walimlaza bibi kwenye machela, wakambeba wakifuata ufuko kuelekea kusini. Kambi ilikuwa kabla hujafika Kigwena, imezungushiwa uzio wa matete. Mlangoni, chini ya kibanda cha makuti, alikaa Akida Murshid, mwenye kanzu nyeupe na tumbo la mtu anayekusanya mawese ya watu. Nje ya uzio wagonjwa wengine walikuwa wamelala juani, na jamaa zao wakiwafukuzia nzi kwa majani.

"Amahoro, Bwana Akida," Asmani akasalimia.

"Amahoro. Mumeleta nani?"

"Mama yangu. Iko na tezi."

"Anakula kwako?"

"Anapika kwake, nyuma ya nyumba yangu. Iko na mafiga yake."

Murshid akatabasamu kama mtu aliyenasa samaki bila kutia chambo. "Basi si wa nyumba yako."

"Sawa. Ni wa nyumba yake. Kibuyu chake unakichukua wewe mwenyewe kila mwezi."

"Mume wake yuko wapi?"

"Amekufa, Bwana Akida. Ulikula ubwabwa wa hitima yake."

"Na ulikuwa mutamu, Mungu amrehemu. Lakini mwanamke asiye na mume hana nyumba. Nyumba ni mwanamume."

Zuwena alikuwa amekusudia kunyamaza, kwa heshima ya mumewe. Alishindwa. "Na kile kibuyu ulikuwa unachukua kwa nani?"

"Kwa mafiga. Palipo na mafiga matatu na moshi, panatolewa kibuyu. Ndiyo amri."

"Kumbe mafiga yanalipa."

"Yanalipa."

"Na yakiugua?"

"Mafiga hayaugui, mwanamke," alisema Murshid, akawatazama askari wake ili wacheke. Wakacheka.

Asmani aliinamisha kichwa. Aliomba angalau mama yake alazwe kibandani hadi jua lipungue. Askari mmoja aliisukuma machela kwa mguu, akasema kivuli kile kilikuwa cha waliotoa vibuyu. Bibi Sikujua, aliyetoa vibuyu bila kukosa hata mwezi mmoja, hakusikia. Alikuwa amelala kitambo.

*

Bahati, au kitu kilichofanana nayo, ilimleta Bwana Shauri Rumonge siku chache baadaye. Huyu alikuwa Mdachi mwembamba aliyekuwa akipita kando ya ziwa kwa mashua ya serikali, akikata kesi za watu. Kiswahili chake kilikuwa safi na kimenyooka kama nguo iliyopigwa pasi, na kama nguo hiyo, hakikuwa na mtu ndani yake.

Hema lilisimamishwa karibu na soko la ndagala, dagaa wa ziwani. Watu walijaa kuliko siku ya Idi. Asmani alieleza shauri lake kwa maneno machache. Murshid alieleza lake kwa maneno mengi. Bibi Sikujua aliwekwa mbele kwenye mkeka kama ushahidi, akakoroma taratibu kesi nzima.

Bwana Shauri alifikiri. Alimuuliza Murshid nyumba ni nini, akamuuliza Asmani nyumba ni nini, akamuuliza hata mpishi wake. Kisha akasimama kutoa hukumu.

"Sheria ya kibuyu ni halali," alisema. "Serikali ina haki ya kuwatoza wazima kwa ajili ya wagonjwa. Sheria inasema nyumba. Nyumba ni mwanamume, mkewe na watoto wao chini ya paa moja. Mjane si nyumba. Kwa hiyo hana haki ya dawa."

Minong'ono ikaanza. Zuwena akapaza sauti kutoka nyuma: "Basi arudishiwe mawese yake, bwana mkubwa!"

"Nakuja huko." Bwana Shauri aliinua kidole. "Kama mjane si nyumba, hakuwa na wajibu wa kutoa. Anayetoa bila wajibu ametoa zawadi. Zawadi hairudishwi. Ila ni adabu kushukuru."

Akashuka, akamwinamia Bibi Sikujua, akamshika mkono na kuutikisa kwa niaba ya Kaizari. Mkono ulikuwa umelala pamoja na mwenyewe. Alipouachia, ukaanguka mkekani, naye akapanda mashua akiamini ameacha furaha nyuma yake.

*

Furaha aliiacha kweli, hasa kwenye baraza ya Hamissi kinyozi. Rumonge haikuwa imepata jambo tamu la kubishania tangu fisi aingie msikitini. Watu waliokuwa wakinyoa mara moja kwa mwezi sasa walinyoa kila wiki, ili wapate pa kukaa wakizungumza.

"Hukumu ni ya haki," alisema mvuvi mmoja. "Tukisema kila mwenye mafiga ni nyumba, kesho hata wachoma mihogo sokoni watadai dawa."

"Lakini wachoma mihogo wanatoa kibuyu," akajibu mkamuaji mawese kutoka Kizuka.

"Wanatoa zawadi. Husikii?"

"Basi mke wangu wa pili aache kutoa zawadi."

"Hapo ataadhibiwa," akasema Murshid, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda na povu kidevuni. "Zawadi iliyozoeleka haiachwi. Ni utovu wa adabu."

Wote walikubali kwamba hilo nalo lina uzito wake. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amekwenda kumjulia hali Bibi Sikujua. Walimjua vizuri kwenye mjadala, na ilionekana inatosha.

Aliyeitetea hukumu kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa kinyozi mwenyewe. Hamissi alikuwa mgane, aliyefiwa na mke miaka mingi iliyopita, mkavu, msafi, mwenye ndevu alizozitunza kama bango la kazi yake. "Sheria ni sheria," alisema akinoa wembe. "Na mimi je? Natoa kibuyu tangu siku ya kwanza. Sijaugua hata mafua. Mutu ananionea huruma? Kibuyu changu kinaingia kambini kila mwezi, mimi mwenyewe sijafaidi hata harufu ya dawa. Aliyeibiwa ni mimi!"

Zuwena alikuwa akipita na kikapu cha ndagala kichwani. Alisimama, akakitua chini.

"Mzee Hamissi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Unataka kibuyu chako kikufae?"

"Nitafanyaje? Niugue kwa makusudi?"

"Oa mgonjwa," akasema Zuwena.

Wembe ulisimama shavuni pa Murshid. Kisha mtu mmoja akaanza kucheka, wakacheka wote, isipokuwa Hamissi. Hamissi alikuwa akipiga hesabu ya vibuyu vyake, na uso wake ulianza kung'aa.

*

"Nimuoze mama yangu kwa kinyozi?" Asmani aliuliza jioni hiyo.

"Ungependa umuoze kwa kaburi?"

"Watu watatucheka, Zuwena."

"Wanatucheka sasa hivi, na mama anakufa. Wacheke akiwa anapona."

Asmani aligeuka, akaingiza kalafati ya pamba katika ufa wa mtumbwi uliokuwa umekwisha kuzibwa. Aliupiga nyundo muda mrefu. Alipoacha macho yake yalikuwa mekundu. "Mwambie aje kesho baada ya sala ya alasiri," akasema.

Harusi ilihudhuriwa na Rumonge nzima, maana kila upande wa mjadala ulitaka kuona. Bibi Sikujua alivikwa leso mpya, akaegemezwa ukutani ndani, na Zuwena akimshikilia bega. Nje, mwalimu Shafii, mzee mwembamba aliyeogopa makosa ya dini kuliko simba, alikaa na bwana harusi. Akaagiza mashahidi waende wakachukue idhini ya bibi harusi.

Mashahidi waliingia, wakatoka. "Kanyamaza," wakasema.

"Kunyamaza kwake ni ridhaa," akasema Hamissi upesi.

"Hapana," akasema mwalimu Shafii. "Kunyamaza ni ridhaa ya mwanamwali. Mjane lazima atamke."

"Lakini Bwana Shauri amesema..."

"Bwana Shauri hafungi ndoa."

Ubishi ukaanza. Wengine walisema kukoroma ni kutamka, maana ni sauti. Wengine walisema inategemea alikoroma kabla ya kuulizwa au baada yake. Mwalimu Shafii alikuwa amekwisha kuinuka ili aende zake. Ndani, Zuwena alimtikisa mama mkwe, akampuliza usoni, akamwita jina lake la utotoni ambalo wakwe hawaruhusiwi kulitaja.

Bibi Sikujua akafumbua macho. Aliona mlango umejaa vichwa vya watu.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hajafa mutu, mama. Unaolewa."

"Na nani?"

"Na Mzee Hamissi."

Bibi alikaa kimya hata wakadhani amerudi usingizini. Kumbe alikuwa anafikiri, na kufikiri kulimchukua muda siku hizo, kama kupanda mlima wa Kizuka na mzigo.

"Kwa sababu gani?"

Zuwena akamweleza yote: mlango wa kambi, hukumu, zawadi, mkono wa Kaizari, maneno ya baraza ya kinyozi. Bibi alisikiliza. Machozi hayakumtoka, ila Zuwena alipofika pale pa mawese, bibi alijiinua kutoka ukutani. Alikuwa ameyakamua mwenyewe, kwa miguu yake, katika shimo la mawe.

"Mwite huyo kinyozi," akasema.

Hamissi akaja mlangoni, akijitengeneza ndevu.

"Wewe ndiye ulisema mimi si nyumba?"

"Ni sheria iliyosema, bibi. Mimi niliitafsiri tu."

"Nitakubali. Ila mahari yangu ni hii: siku zote nitakazokuwa kambini, unaniletea uji. Wewe mwenyewe, kwa mikono yako. Ukimtuma mutu, ndoa imevunjika."

Hamissi akamtazama mwalimu Shafii kwa matumaini. "Hiyo ni mahari kweli?"

"Nabii Musa alilipa mahari kwa kuchunga mifugo," akasema mwalimu. "Wewe unapeleka uji. Ni halali."

"Basi nimekubali," akasema Bibi Sikujua kwa sauti iliyosikika hadi barabarani, akalala tena kabla ya khutuba kusomwa.

*

Kesho yake, mlangoni pa kambi, Murshid alihesabu kwa vidole. Mke wa Hamissi, Hamissi ni nyumba, nyumba imetoa kibuyu. Aliufungua mlango kama mtu anayefungua mfuko wake mwenyewe.

Hamissi alianza kulipa mahari. Alipika uji wa mtama, akauweka katika chungu, akaufunika kwa jani la mgomba, akaenda nao kwa miguu huku akilalamika njia nzima kwamba ndoa yake ina mwendo mrefu kuliko ya mtu yeyote. Siku za kwanza alikabidhi uji na kuondoka. Kisha aligundua kwamba mkewe, asiposhikiwa chungu, hulala na uji ukamwagika. Akawa anakaa kumshikia.

Akikaa, aliona. Aliona vibuyu vya mawese vya mwambao mzima vikipangwa nyuma ya kibanda cha Murshid na vichache vikiingia jikoni. Aliona wagonjwa wakifungwa kamba kiunoni ili wasitembee usingizini na kuanguka ziwani. Zaidi ya yote aliona walio nje ya uzio: wajane, wazee, mjakazi aliyeachwa na bwana zake, msichana yatima aliyelelewa na shangazi na kwa hiyo hakuwa wa paa lolote. Walimwomba uji. Mwanzoni alisema mahari haigawanywi. Siku moja akagawa. Siku iliyofuata alikuja na chungu kikubwa zaidi, akiwa amekasirika sana, asijue amemkasirikia nani.

Dawa yenyewe ilikuwa sindano. Ilifukuza usingizi, hilo halina ubishi. Baada ya sindano kadhaa Bibi Sikujua aliweza kumaliza uji bila kusinzia, akaanza kumkosoa mpishi kuhusu chumvi. Lakini dawa ile iliwachukulia wengine macho yao kama ushuru wa njiani, nayo haikumsahau yeye. Asubuhi moja alimwambia Hamissi kwamba ukungu umezidi ziwani. Hamissi akatazama ziwa. Lilikuwa wazi hadi milima ya ng'ambo.

"Umezidi, ndiyo," akasema. Kisha akamshikia chungu.

*

Baraza yake ilibadilika. Mtu akisema hukumu ilikuwa ya haki, Hamissi alimuuliza, "Umefika kambi ya Kigwena?" Akijibu hapana, alinyolewa upande mmoja na kuambiwa upande wa pili si nyumba. Wateja walipungua. Waliobaki walijifunza kubisha kwa heshima.

Siku moja Murshid alikuja kunyolewa, akiwa anasubiri wageni wa serikali. Hamissi alimpaka povu, akamlaza kichwa nyuma, akaweka wembe kooni.

"Bwana Akida, mafiga ya mjane ni nyumba, ama si nyumba?"

"Mzee Hamissi, hukumu imekwisha kutole..."

"Usitingishe koo. Nitakukata."

Murshid akatulia. Wateja wote wakasogea.

"Niliuliza."

"Ya... yanaweza kuwa nyumba," akasema Murshid kwa midomo tu.

"Na vibuyu vilivyo nyuma ya kibanda chako, ni vya wagonjwa ama ni zawadi yako?"

"Ni vya wagonjwa."

"Mumesikia?" Hamissi akawauliza wateja.

"Tumesikia," wakasema, hata yule mvuvi aliyekuwa akitetea hukumu. Aliongeza kwamba yeye siku zote alikuwa na mawazo hayo, ila hakupewa nafasi ya kuyasema.

Murshid, akiwa amenyolewa vizuri na bado anajipapasa koo, aliona ni salama zaidi kulirudisha shauri kwa wakubwa kabla wengine hawajalirudisha na kulitaja jina lake. Bwana Shauri alipopita tena kwa mashua, hema likasimamishwa palepale. Alisikiliza, akafikiri, akasema kwamba serikali haikosei, ila wakati mwingine inafikiri mara mbili. Palipo na mafiga na moshi ni nyumba, hata kama ni ya mjane. Atatibiwa.

Watu wakapiga vigelegele. Bwana Shauri akainua kidole.

"Na kwa kuwa sasa ni nyumba, itatoa kibuyu kwa wajibu, si kwa hiari. Akiwa mzima au mgonjwa. Hata akiwa ndani ya kambi."

Vigelegele vikapungua kidogo. Hata hivyo walio nje ya uzio waliingizwa siku ileile. Watatu walikuwa wamekwisha kufa, na hukumu haikuwa na neno juu yao.

*

Bibi Sikujua alitoka kambini akitembea kwa miguu yake, mkono wake begani kwa Zuwena. Jicho moja lilikuwa limekufa kabisa. La pili liliona mwanga na vivuli. Asmani alimpokea, akamshika kichwa kama mtoto.

"Upofu wa macho si kitu," mama akamwambia. "Nilikuwa nimechoka kumwona Murshid."

Alipokaa kidogo, akaomba aitwe mwalimu Shafii na Hamissi. Wote walikuja. Na kwa kuwa hii ilikuwa Rumonge, ilikuja pia baraza nzima.

"Niliolewa ili niwe ndani ya nyumba ya mutu," Bibi Sikujua akasema. "Serikali imesema sasa nyumba ni mimi mwenyewe. Basi nataka talaka yangu. Mahari amelipa yote, simdai, hanidai. Murakoze, asanteni."

Mvuvi akataka kujua kama ana eda. Mwalimu Shafii akasema watu hawa hawakupata kukaa faragha hata saa moja, basi hakuna eda. Mkamuaji mawese akauliza kama mwezi huu kibuyu atatoa mume au mke. Ubishi mpya ukaanza kuchemka mlangoni, mtamu kama wa kwanza.

Hamissi hakuingia katika ubishi. Alitamka talaka kama alivyoombwa, mara moja, kwa sauti ndogo. Kisha akabaki amesimama pale, mikono yake imekosa cha kushika.

"Zuwena," bibi akanong'ona, "siwezi kumwona. Uso wake ukoje? Amefurahi?"

Zuwena akatazama.

"Analia, mama."

"Kinyozi yule?"

"Analia kweli. Ndevu zote zimelowa."

Bibi Sikujua alifumba macho. Waliokuwa karibu walidhani amesinzia, wakaanza kupeana ishara ya kuondoka. Hakuwa amesinzia.

"Basi mwambie akanawe uso," akasema. "Kisha arudi aniombe tena. Mara ile alinioa nimelala. Safari hii aniulize nikiwa macho."